Kimashine kikilia, bado hujajua almasi imetoka wapi

Yaya, umeuliza kama almasi uliyoonyeshwa hapa Lubumbashi ni ya mgodini kweli, kwa kuwa muuzaji aliigusa kwa kimashine cha kupimia almasi, nacho kikalia. Hapana, hiyo haitoshi. Kile cha mfukoni hupima tu jiwe linavyopitisha joto, na almasi ya maabara, yaani iliyotengenezwa na watu, hupitisha vilevile: ni kaboni ileile, ugumu uleule wa 10 kwenye kipimo cha Mohs. Hata moissanite, ambayo si almasi kabisa, hukidanganya.

Ya maabara si feki, watu wanaitengeneza tangu miaka ya 1950. Shida ni bei: ya maabara imeporomoka, na wewe unaombwa pesa ya mgodini. Angalia ukingo wa jiwe kwa lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia. Mengi ya maabara yana maandishi madogo ya leza. Ukingo ukiwa mtupu, bado si ushahidi. Dai cheti cha GIA au IGI, taasisi za kukagua vito, ulinganishe namba kwenye tovuti yao.

Na hiyo hadithi ya muuzaji, "mjomba wangu anachimba Mbuji-Mayi", mm! Almasi nyingi za mji ule ni za kutumiwa viwandani, si za pete. Hana cheti? Lipa bei ya maabara ama umuachie jiwe lake.