Raba hazitoshi kwenye barafu ya Aletsch

Dada, umeuliza kama raba zinatosha kwenda kuona barafu ya Aletsch huko Uswisi mwezi wa saba. Hazitoshi. Tafuta buti zenye meno, pale Mlango Mmoja, hapa kwetu Mwanza, kwenye mitumba utapata nzuri tu, halafu zivae wiki mbili ukipanda kilima cha Bugando mpaka zizoee miguu. Mimi nilienda na buti mpya, siku ya kwanza zikanichubua visigino, nikashuka nachechemea.

Kuiona ni rahisi. Kutoka kijiji cha Fiesch unapanda vigari vinavyoning'inia kwenye waya hadi Eggishorn, na barafu yenye urefu wa kama kilomita 20 inapinda chini yako mfano wa mto. Usitegemee weupe mtupu: katikati ina mistari myeusi ya mawe na kokoto inazoburuta kutoka milimani. Nilisimama pale nikanyamaza kabisa. Njia zenye alama nyeupe-nyekundu-nyeupe unatembea mwenyewe, ila amka mapema, maana mchana radi huja ghafla kama dhoruba za ziwani kwetu.

Ninachokuomba sana, usikanyage barafu yenyewe bila kiongozi na kamba. Ina nyufa za kina kirefu, na sehemu za juu theluji huzifunika usizione. Miwani ya jua na koti zito usiache, hata kama ni kiangazi. Sisi Mwanza tumezoea mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari. Pale Eggishorn utakuwa karibu 2,900.