Maswali Yenu: SLR ya Kwanza kwa Fedha ya Kujibana

Maswali ya SLR ya kwanza, yaani ile kamera yenye kioo cha ndani na lenzi za kubadilisha, ndiyo yanayonifikia kwa wingi kuliko mengine yote. Nimechukua machache ambayo majibu yake yatawafaa na wengine.

Swali: Nimejibana mwaka mzima. Fedha niliyo nayo inatosha ama bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi yake ya 18-55mm, ama bodi ya miaka kumi iliyopita pamoja na lenzi mbili. Nichukue ipi?

Jibu: Chukua ya pili, wala usisite. Ile lenzi ya 18-55mm ni nyepesi na juani inapiga vizuri, ila ukiivuta hadi 55mm tundu lake la mwanga halipanuki kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi). Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Chukua mfano wa mtoto anayecheza sebuleni jioni. Mahali ambapo f/5.6 inadai 1/10 ya sekunde, f/1.8 inamaliza kazi kwa kama 1/100. Katika 1/10 mtoto anatoka kama moshi. Katika 1/100 macho yake unayaona. Bodi mpya itakupunguzia chenga kwenye picha unapopandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, lakini si kwa kiasi cha kuziba pengo hilo. Na kile kitulizi cha mtikisiko ambacho Canon wanakiita IS na Nikon VR hutuliza mkono wako tu, mtoto hakimtulizi.

Kwa hiyo bodi ya zamani, lenzi ya 18-55mm iliyotumika, na juu yake lenzi moja isiyo na zumu yenye f/1.8. Kwa Canon iko 50mm f/1.8 STM iliyotoka 2015. Kwa Nikon zenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha) iko 35mm f/1.8 DX ya 2009. Zote mbili ni ndogo na ni za bei ya chini ukilinganisha na kazi zinazofanya. Angalizo kwa wa Canon: kwenye sensa ndogo, 50mm huona kama 80mm, kwa hiyo katika chumba kidogo utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta. Kwa sura za watu, lakini, umbali huo ni mtamu sana.

Swali: Canon au Nikon?

Jibu: Ile ambayo ndugu au rafiki yako wa karibu anayo. Nasema hivi kwa dhati: lenzi ya kuazima itakufundisha mengi kuliko tofauti yoyote iliyopo kati ya kampuni hizo mbili.

Kama huna wa kumwazima, liko jambo moja la kujua kabla ya kutoa fedha. Lenzi za Canon za EF zenye fokasi ya kujiendesha, tangu mfumo huo ulipoanza 1987, zina mota ndani yake, kwa hiyo hufanya kazi kwenye bodi yoyote ya SLR ya EOS, jina la kamera za Canon za mfumo huo. Kwa Nikon sivyo. Bodi ndogo, yaani D40, D60, na familia za D3000 na D5000, hazina mota ya kuzungushia fokasi. Ukizifunga lenzi ya zamani iliyoandikwa AF au AF-D, picha utapiga, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani. Zilizoandikwa AF-P ni nzuri pia, ila baadhi ya bodi za zamani haziziendeshi. D90 na familia ya D7000 zina mota ndani ya bodi, na ndiyo sababu D90 bado naipendekeza ingawa ni ya 2008.

Pentax nao wasisahaulike. Bodi zao nyingi za kidijitali zina kitulizi ndani ya bodi yenyewe, kwa hiyo hata lenzi kongwe inanufaika.

Swali: Kamera niliyoipata ina megapikseli 12 tu. Simu yangu inaishinda! Nitajuta?

Jibu: Hutajuta. Karatasi ya A4 iliyochapwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji megapikseli zisizofika 9. Sensa ya SLR ni kubwa mara nyingi kuliko ya simu, na ukubwa huo ndio unaokusanya mwanga. Endelea na kamera yako.

Swali: Nakwenda kukutana na mtu anayeuza kamera yake. Nikague nini? Naogopa kutapeliwa.

Jibu: Nenda mchana, ukiwa na tochi ndogo na memori kadi yako mwenyewe.

Anza na lenzi. Ivue, fungua tundu lote, mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo halina neno. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, au madoa yenye mizizi: huo ni ukungu. Ukungu hula ule utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na hata ukisafishwa alama yake inaweza kubaki. Lenzi yangu ya kwanza iliyotumika niliitazama kwa nje tu, ikang'aa, nikalipa. Nyumbani niliielekeza kwenye mwanga wa dirisha nikaona nyuzi pande zote. Kila picha yenye jua mbele ilikuwa kama imepigwa kupitia maziwa. Niliumia, na tangu siku hiyo sitoki bila tochi. Zungusha zumu na fokasi pia. Zikisaga kama zina mchanga, basi zina mchanga.

Kwenye bodi, weka f/16, elekeza kwenye anga tupu au ukuta mweupe, upige. Madoa meusi yanayorudi mahali palepale kila picha ni vumbi la sensa, nalo husafishika. Mstari au mkwaruzo usiobadilika ni habari nyingine, achana nayo. Kisha uliza shata, lile pazia linalofunguka kila unapopiga, imepigwa mara ngapi. Bodi ndogo nyingi hukadiriwa kuhimili kama mara 100,000. Nikon huandika idadi hiyo ndani ya faili la kila picha, hivyo ondoka na picha moja kwenye kadi yako ukaisome kwenye kompyuta kabla ya kulipa. Canon nyingi zinahitaji programu na waya. Namba kubwa si hukumu ya kifo, ila ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe.

Chungulia pia mlango wa kadi. Bodi kongwe kama Canon 300D, 350D na 400D hutumia kadi za CompactFlash, ambazo huingia kwenye pini nyembamba. Pini moja ikipinda, kamera haiandiki kitu. Betri na chaja viwepo vyote viwili, na betri ijazwe mbele yako kama inawezekana.

Muuzaji akikataa kukuruhusu ujaribu, shukuru, uondoke.

Swali: Nasikia kampuni zimehamia kamera zisizo na kioo cha ndani. Si nitakuwa nanunua kitu kilichokwisha kufa?

Jibu: Kuhama wamehama. Canon na Nikon walileta mifumo yao mipya ya sensa kubwa isiyo na kioo mwaka 2018, Canon RF na Nikon Z, na nguvu zao ziko huko. Lakini hilo linamsaidia mwenye fedha kidogo, kwa sababu wenye nazo wanauza walivyokuwa navyo. Kampuni zote mbili zilitoa adapta za kufunga lenzi za SLR kwenye bodi mpya. Lenzi za EF hufanya kazi zote huko, fokasi pamoja nayo. Kwa Nikon, fokasi hujiendesha kwa zile zenye mota ndani tu. Lenzi utakayonunua leo unaweza kuhama nayo kesho, na hii ni sababu nyingine ya kuweka fedha kwenye lenzi kwanza.

Swali: Nataka kupiga na video za mahojiano.

Jibu: Basi tafuta Canon 70D ya 2013 au 200D ya 2017. Zina fokasi inayofuata uso taratibu wakati video inaendelea. Bodi nyingi za SLR za umri huo huyumbayumba. Nunua na maikrofoni, ile ya ndani ya kamera hurekodi hata kidole chako.

Swali: Marehemu baba aliniachia Pentax ya filamu na lenzi zake mbili. Je, lenzi hizo zinaweza kufanya kazi kwenye SLR ya kidijitali? Ningependa sana kuzitumia.

Jibu: Pole, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuziuza. Tazama nyuma ya lenzi. Ikiwa na meno matatu ya kufungia kwa kuzungusha kidogo, hiyo ni ya mfumo wa K, ulioanza 1975, na inaingia moja kwa moja kwenye SLR za kidijitali za Pentax. Ikiwa na nyuzi kama za skrubu ni ya kabla ya hapo, nayo huingia kwa adapta nyembamba isiyo na kioo ndani.

Kama si lenzi za fokasi ya kujiendesha, fokasi itakuwa ya mkono. Pia, kama pete ya tundu haina alama ya A, utahitaji kuingia kwenye menyu na kuruhusu kamera itumie pete ya tundu iliyo kwenye lenzi. Bila hivyo shata haitafyatuka, na wengi hudhani lenzi ni mbovu. Kisha weka kamera kwenye M, ile hali ya kupanga mwenyewe, chagua tundu kwenye pete, bonyeza kitufe cha kijani, nayo kamera itakupimia mwanga.

Mulika tochi kwanza, uone kama kuna ukungu. Zikiwa safi, nunua bodi ya Pentax iliyotumika bila lenzi yoyote, uanze na za baba.