Msanifu naye anabanwa na sheria

Ndugu, umeuliza kama msanifu wa majengo Uingereza anaweza kuwajibika fundi akianguka, wakati yeye alichora tu. Ndiyo, anaweza. Kanuni za CDM (yaani za usanifu na usimamizi wa ujenzi) za mwaka 2015, kanuni ya 9, zinamtaka aondoe hatari inayotabirika akiwa bado kwenye mchoro. Isipoondoka aipunguze, na inayobaki amweleze mkandarasi waziwazi. Tena si wakati wa kujenga tu, hata usafi na matengenezo ya baadaye. Chukua paa la bapa: ukilichorea ukuta wa ukingoni wenye kimo cha mita 1.1, anayepanda kuzibua mfereji miaka 10 baadaye hahitaji kujifunga kamba. Mstari mmoja tu kwenye karatasi! Na kabla msanifu hajaanza kuchora, ahakikishe mteja anaujua wajibu wake mwenyewe. Hili wengi hulisahau.