Alumina ya nano ndani ya epoksi: joto hukwama wapi

Epoksi tupu, yaani gundi ya plastiki inayoganda ikitiwa kigumisho, hupitisha joto kwa takriban 0.2 W/mK (kipimo cha upitishaji joto), na alumina, yaani oksidi ya alumini, kwa takriban 30. Ndiyo maana wengi hutarajia makubwa wakitia ndani yake alumina ya nano (unga wa chembe za nanomita, sehemu ya bilioni ya mita) kidogo tu. Fomula ya Maxwell ya 1873 inazima matumaini hayo mapema: chembe za duara zisizogusana, hata zingepitisha joto bila kikomo, zikiwa asilimia 10 ya ujazo huongeza upitishaji kwa theluthi moja tu.

Na hapo bado hujahesabu mpaka. Joto likivuka kutoka epoksi kuingia kwenye chembe hukutana na ukinzani, na kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo mipaka inavyozidi. Chukua ukinzani wa 10⁻⁸ m²K/W. Chembe ya alumina yenye nusu kipenyo cha nanomita 10 itafanya kazi kana kwamba upitishaji wake ni 1, si 30. Yenye nusu kipenyo cha mikromita 5 itabaki na 28. Kwa hiyo kama shida yako ni joto peke yake, anza na unga wa mikromita, kisha nano kidogo izibe nafasi zilizobaki katikati.

Kosa linaloharibu vipimo vingi ni kuchanganya uzito na ujazo. Alumina ina gramu 3.9 kwa kila sentimita ya ujazo, epoksi 1.15 hivi. Ukipima asilimia 10 ya uzito, umetia asilimia 3 tu ya ujazo! Kupata asilimia 10 ya ujazo katika sentimita za ujazo 100, pima gramu 39 za alumina na gramu 103.5 za epoksi, kigumisho kikiwa ndani ya hesabu.

Kausha unga kwa nyuzi 120 usiku kucha, kwa sababu unyevu hugandisha chembe pamoja. Changanya na epoksi kabla ya kutia kigumisho. Ukichanganya kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo ncha yake huzamishwa ndani ya epoksi, weka chombo kwenye barafu na uiwashe kwa vipindi vifupi, la sivyo epoksi itaungua kuzunguka ncha. Asetoni hurahisisha kuchanganya, lakini ikibaki humo epoksi haikomai vizuri. Ni bora kuiepuka.

Kisha bana tone moja kati ya vioo viwili, litazame dhidi ya taa. Ukiona vitone vyeupe kama chenga za chumvi, hayo ni mabonge, rudia kuchanganya.

Vuta hewa kwa pampu mpaka viputo viache kupanda, tia kigumisho polepole, vuta tena kama muda wa kuganda unaruhusu. Hewa hupitisha 0.026 tu, hivyo viputo hula faida yote ndogo uliyoipata. Kipande kikishakomaa, pima msongamano wake kabla ya kupima joto. Kwa mchanganyiko ule wa asilimia 10 ya ujazo unapaswa kuwa gramu 1.425 kwa kila sentimita ya ujazo. Ukisoma 1.38, asilimia 3 hivi ya kipande chako ni hewa, na namba ya joto utakayopata haitakuwa ya alumina.