Farasi wa posta na saa ya kufuli

SWALI: Shikamoo mzee. Nina punda wawili wanaonishushia mahindi hadi barabarani. Binti yangu anasema enzi za Malkia Victoria barua za Uingereza zilibebwa na farasi, na Wazungu hawakutesa wanyama kama sisi. Kweli?
Msomaji, Kapchorwa

JIBU: Marahaba. La kwanza kweli. La pili, mwambie apunguze.

Gari la barua lilivutwa na farasi wanne, wakabadilishwa kila baada ya kilomita kama 16. Ukisikia hivyo utadhani ni huruma. Wapi! Ilikuwa hesabu ya saa. Farasi wenyewe hawakuwa wa posta, walikuwa wa wenye nyumba za wageni waliopewa kandarasi. Mtu wa posta alikuwa mlinzi wa gari, naye alisafiri na saa iliyofungiwa kwenye kikasha kwa kufuli ili asiichezee, akiandika muda wa kufika kila kituo. Matope yakiwachelewesha, dakika zile zilitafutwa mlimani, na aliyezitafuta ni farasi. Kwenye njia za kasi alidumu miaka mitatu, minne, kisha akauzwa akavute magari ya polepole.

Sheria ya kukataza kutesa mifugo ilikuwapo tangu 1822, na chama cha kutetea wanyama kilichoanzishwa London 1824 kilipewa na Victoria jina la Kifalme mwaka 1840. Mwaka huohuo nauli ya barua ikashushwa hadi peni moja, na idadi ya barua ikazidi maradufu! Farasi wa safari ndefu waliokolewa na reli: gari la mwisho la barua kutoka London liliacha kazi 1846. Wa mikokoteni ya mjini waliendelea kuvuta.

Sasa mimi. Punda wangu wa kwanza nilimfunga magunia kwa kamba ya manila, chini gunia tupu tu. Siku moja nikalinyanyua, likatoka na manyoya. Pameachwa kidonda kama kisahani cha chai, nzi wameshajaa. Fimbo sikuwahi kumpiga hata moja, na nilikuwa najisifu kwa hilo. Ila lori la mnunuzi lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na sisi lazima tufike.

Kwa hiyo jioni hii wafungue punda wako, upitishe kiganja mgongoni pale kamba inapokatiza, ubonyeze taratibu. Akishtuka, gunia la kesho ubebe wewe.