Klachi pleti ni mpya, mbona inateleza kwenye mlima wa Sipi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota Hiace ya dizeli, injini 3L, gia za mkono, inabeba abiria kati ya Mbale na Kapchorwa, mashariki mwa Uganda. Miezi michache iliyopita klachi iliisha, fundi wetu akaweka klachi pleti mpya. Presha pleti alisema bado ni nzima, akairudisha ile ile. Siku hiyo alibadilisha pia raba za masta silinda ya klachi kwa sababu ilikuwa inavuja. Sasa asubuhi gari linapanda vizuri, lakini safari ya pili au ya tatu, tukiuanza mlima wa Sipi tumejaa, injini inanguruma na gari halivuti, na abiria wanalalamikia harufu ya kuungua. Pedali nayo imekaa juu, ukiigusa kidogo tu klachi inaachia. Fundi anasema niliuziwa pleti feki, ninunue nyingine. Nikubali?

JIBU: Usinunue bado, ndugu yangu. Pleti feki zipo, lakini dalili za pleti yako zinaelekeza kwingine kwanza. Yako inashika gari likiwa baridi na inaachia likipata moto, pedali haina mchezo (haitembei bure hata kidogo kabla ya kusukuma), na masta silinda, ile pampu ya oili inayosukumwa na pedali, iliguswa siku ile ile. Hayo matatu yananifanya nianze kuangalia juu kwenye pedali kabla ya kushusha giaboksi.

Pleti haijishikilii yenyewe. Inabanwa kati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na presha pleti, kwa nguvu ya springi iliyomo ndani ya presha pleti. Ukikanyaga pedali, oili ya breki iliyo kwenye masta inasukuma silinda ya chini, silinda inasukuma foku, foku inasukuma rilizi beringi, na beringi inaikandamiza springi hadi pleti iwe huru. Ukiondoa mguu, oili lazima irudi yote kwenye chupa yake kupitia kitundu kidogo sana ndani ya masta. Kitundu hicho kikiziba, oili inabaki imefungiwa kwenye paipu. Injini ikipata moto oili hiyo inatanuka, inakosa pa kwenda, inaisukuma beringi. Hapo gari lako linapanda mlima kama vile kuna mtu ameweka mguu kwenye klachi njia nzima, na hata pleti bora kuliko zote itaungua.

Kwanza hakikisha kweli klachi inateleza. Tafuta barabara tambarare isiyo na msongamano. Ile ya Mbale kwenda Tirinyi inafaa. Ukiwa gia ya tatu kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa hivi, kanyaga mafuta hadi chini. Injini ikipandisha sauti ghafla na mwendo ukabaki pale pale, klachi inateleza. Ikiwa sauti na mwendo vinapanda pamoja ila polepole, tatizo liko kwenye injini, labda chujio la dizeli au pampu, na klachi haihusiki. Jaribu mara moja au mbili tu, kwa sababu kila jaribio linaiunguza pleti.

Sasa kipimo chenyewe. Kifanye gari likiwa na moto, mara tu baada ya kuteleza, maana likipoa ushahidi unapotea. Egesha mahali tambarare, zima injini, weka mawe kwenye matairi, uangalie usiguse bomba la moshi. Ingia chini utafute silinda ya chini ya klachi ubavuni mwa giaboksi. Mtu yeyote asiguse pedali. Legeza nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, nusu mzunguko hivi, ukiitazama. Oili ikidondoka polepole, hiyo ni kawaida, kwa kuwa chupa iko juu. Ikiruka kwa nguvu kisha ikatulia, umempata mwizi wako: oili ilikuwa imefungiwa. Kaza nipo kabla haijaanza kuvuta hewa, washa gari ulijaribu. Klachi ikishika ghafla kama ya asubuhi, hakuna haja ya kubishana tena.

Kipimo cha pili kinathibitisha cha kwanza. Isukume kwa mkono ile fimbo ya silinda ya chini irudi ndani. Mfumo ukiwa mzima inarudi, na oili inapanda kidogo kwenye chupa. Ikigoma kabisa, kitundu kimefungwa.

Kinachofunga kitundu mara nyingi ni kimojawapo kati ya viwili. Cha kwanza ni fimbo ya pedali iliyorekebishwa ikawa ndefu mno, na nadhani hicho ndicho kilichotokea kwako raba zilipobadilishwa. Legeza nati yake chini ya dashibodi, izungushe fimbo mpaka uone pedali inatembea kidogo bure kabla haijaigusa pistoni. Kwa Toyota nyingi mchezo wote kwenye pedali unatakiwa uwe kati ya milimita 5 na 15. Upime kwa rula na kwa kidole, usikisie kwa mguu. Cha pili ni raba zilizovimba kwa sababu mtu alijaza oili ya injini au ya haidroliki badala ya oili ya breki. Fungua kifuniko cha chupa uitazame raba yake: ikiwa imevimba na kulegea, basi na za ndani ziko hivyo hivyo. Hapo badilisha raba zote za juu na za chini, safisha paipu, ujaze oili mpya ya breki aina ya DOT 3.

Nipo ikionyesha hakuna oili iliyofungiwa, rudi kwenye pleti. Chini ya lile kasha linalounganisha injini na giaboksi pana tundu dogo. Ingiza kidole au kitambaa. Tone jeusi tii linatoka kwenye injini ya dizeli, kupitia sili (raba ya kuzuia uvujaji) ya nyuma ya krankshafti, shafti kuu ya injini. Tone zito lenye harufu kali ya kiberiti ni la giaboksi, kupitia sili ya mbele. Pleti iliyonywa oili haisafishiki kwa petroli, hata ukiambiwa inasafishika. Inabadilishwa, na sili inabadilishwa kabla yake.

Tundu likiwa kavu, ninashuku ile presha pleti iliyorudishwa. Sikubaliani na kuweka pleti mpya kwenye presha pleti iliyokwisha kuunguzwa. Springi ikipata moto mkali inapoteza nguvu, na kwa jicho huwezi kuliona hilo kila mara. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi, kwa hiyo likishuka badilisha pleti, presha pleti na rilizi beringi pamoja. Ukiagiza spea Kampala, Kisekka au Ndeeba, taja injini ya 3L, upeleke na pleti ya zamani ilinganishwe upana na idadi ya meno ya katikati. Seti ya Hiace ya petroli isikudanganye kwa sababu tu imeingia.

Ukiwa umesimama hapo fundi anafungua, pima pleti iliyotoka: kutoka uso wake hadi kichwa cha ribiti, chini ya milimita 0.3 imeisha. Flaiwili ikiwa na madoa ya bluu au nyufa, ipelekwe kwa mkereza vyuma au ibadilishwe. Presha pleti mpya huja imepakwa oili ya kuzuia kutu. Isipofutwa hadi ikauke, unaweka klachi inayoteleza kuanzia siku ya kwanza. Grisi kwenye meno ya shafti ni kidogo sana, kiasi cha kupaka kwa kidole na kufuta, kwa sababu inayozidi hurukia pleti. Upande wa pleti ulioandikwa kuelekea flaiwili ukae huko, na bolti zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo.

Na tafadhali, vumbi la klachi lisipulizwe kwa kompresa. Pleti nyingi za zamani zina asbesto, na vumbi hilo huua mapafu ya vijana wetu wa gereji baada ya miaka mingi. Walimwagie maji, walifute kwa kitambaa kilicholowa, kisha kitambaa kitupwe.

Kwa dereva wako nina mawili. Akisimama kwenye kona za Sipi kushusha abiria, ashike gari kwa breki ya mkono, asilining'inize kwa nusu klachi. Pia mguu usipumzike juu ya pedali. Mpaka utakapopima, apunguze mzigo na apande kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta sana.

Ukimaliza, niandikie mambo matatu: oili ilitoka vipi kwenye nipo, pedali ina mchezo wa milimita ngapi, na tone la chini lilikuwa la rangi gani. Kwa majibu hayo nitakuambia kama giaboksi lishuke au libaki juu.