Mume amefariki, mwili unaniuma na vipimo ni safi: je, ni imani haba?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mjane wa Mbagala, niko kwenye eda ya kufiwa na mume, mwezi wa pili sasa. Kila ikikaribia Magharibi, saa ambayo marehemu alikuwa akirudi kutoka dukani Kariakoo, moyo unanienda mbio, pumzi inabana, vidole na midomo vinakufa ganzi, tumbo linasokota. Hospitali wamepima damu, tezi ya shingo na umeme wa moyo, hawakuona kitu. Daktari akasema ni huzuni na wasiwasi, akanipa amitriptilini, vidonge vya huzuni na wasiwasi, na tarehe ya kliniki ya afya ya akili. Shemeji yangu anasema hilo ni jini, vidonge hivyo ni vya wenye imani haba, na mjane hatoki nyumbani mpaka eda iishe. Kamleta mtu wa kisomo, anataka niache dawa, ninywe kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya aya, anisomee chumbani tukiwa wawili. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mola amrehemu mumeo, dada yangu, na akupe subira. Endelea na dawa, nenda kliniki, na eda yako haitaharibika. Natanguliza hukumu kwa sababu kuna mtu anataka uache vidonge leo.

Anayesema kuugua kwa huzuni ni imani haba, atueleze kwanza habari ya Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake. Sura ya Yusuf, aya ya 84, inasema macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumkosa mwanawe Yusuf, aliyokuwa akiizuia moyoni. Huyo ni nabii, mwenye subira njema iliyotajwa katika sura hiyohiyo, na bado huzuni ilimuingia mpaka mwilini. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa haba? Naye Bibi Aisha, mke wa Mtume, akifiwa na mtu wa kwao, alikuwa akiamuru ipikwe talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Mfiwa alipewa cha kunywa. Hakukaripiwa.

Hoja ya kwamba Magharibi ni saa ya majini naijua. Ni kweli Mtume ametuamrisha tuwazuie watoto ndani usiku unapoingia, kwa kuwa mashetani huenea. Lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kulipita jambo uliloliandika mwenyewe: hiyo ndiyo saa uliyozoea kumsikia mumeo akipiga hodi. Mwili ulioizoea saa hiyo unashtuka, unamwaga adrenalini, homoni ya hofu, moyo unadunda kama wa mtu anayekimbia hatari. Ukihema harakaharaka unatoa hewa ukaa kupita kiasi, na damu ikipungukiwa nayo ndipo vidole na midomo vinakufa ganzi. Tumbo nalo limeunganishwa na ubongo kwa mishipa ya fahamu. Maumivu yako ni ya kweli kabisa. Vipimo vimeonyesha tu kwamba moyo wenyewe ni mzima. Kumsingizia jini kila kipimo kinapotoka safi ni kusema juu ya ghaibu bila elimu, na dhambi yake si ndogo. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba nafsi ikiumia mwili nao huugua. Leo, zaidi ya miaka elfu moja baadaye, hapa Dar es Salaam mjane ananyang'anywa dawa kwa jina la dini!

Kisomo sikikatai. Jisomee Al-Fatiha, Ayatul Kursi na sura tatu za mwisho, ujipulizie, bila kumlipa mtu. Mtume aliyetufundisha hayo ndiye aliyesema, "Jitibuni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu." Ila huyo anayetaka mfungiwe chumbani wawili, mtoe nyumbani kwako. Ni ajabu kubwa: daktari unakatazwa kwa sababu ya eda, halafu mwanamume ajinabi, asiye maharimu wako, anaingizwa chumbani kwa mjane! Katika madhehebu yetu ya Shafi mjane hutoka mchana kwa haja, usiku akalala kwake. Dada wa mama yake Jabir, sahaba wa Mtume, alikuwa kwenye eda ya talaka alipotoka kwenda kuvuna tende zake. Mtu mmoja akamkemea, Mtume akamwambia aende akavune. Ikiwa tende zimeruhusiwa, vipi matibabu?

Amitriptilini huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu kamili; kinywa kukauka na usingizi hutokea sana. Usiiache ghafla wala usiongeze bila daktari. Ikikaribia Magharibi usikae peke yako, muite dada au jirani. Pumzi ikibana, itoe taratibu, kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Lia ukitaka kulia. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim. Kifua kikiuma mpaka mkononi, au ukizimia, rudi hospitali usiseme "ni yaleyale". Na likikujia wazo la kutaka kufa, usingoje tarehe ya kliniki: mwamshe mtu usiku huohuo akupeleke.

Shemeji yako usimfanye adui. Naye kafiwa na ndugu yake, na huenda hata yeye halali. Msomee jibu hili, kisha umuombe akusindikize kliniki siku hiyo, amuulize daktari mwenyewe.

Wallahu aalam.